Koti la Dubu Kwenye Khitma

Mkasa huu nimeusimulia mara moja tu, kwa mume wangu, na aliponiuliza "Na wewe ukacheka?" nikainuka mezani nikenda jikoni, kwa hivyo leo nauandika badala ya kuusema. Nna aibu nao. Si ile aibu ya kuteleza sokoni mbele za watu ukainuka ukajikung'uta ukaendelea na safari yako, hapana, ni ile inayokujia umesimama unaosha vyombo, mara unafunga bomba na unabaki kuutazama ukuta.

Kwanza nikwambieni neno lenyewe, maana bila ya neno hamtofahamu kitu. Hapa Oman ile kofia ya kushonwa kwa mkono, ya vitobo, wanayovaa wanaume, kwa Kiarabu inaitwa kumma. M mbili, nasisitiza. Ukimeza M moja basi kwa Kiswahili ushatoa tusi la nguoni, la maumbile ya mwanamke, lile ambalo mama yangu hakupata kulitamka maisha yake yote na mie pia sitoliandika (nitasema "neno lile" na mtanifahamu). Sisi tuliotoka Unguja tukahamia Maskati tuliliogopa neno hilo toka wiki ya kwanza, mie nna miaka tisa na mdogo wangu Zuwena sita, pale mtoto wa jirani alipogonga mlango akamuuliza baba, kwa adabu zake zote, kama kumma yake imeangukia uani kwetu, na Zuwena akacheka mpaka akapigwa kofi.

"Katika nyumba hii inaitwa kofia," mama alisema, "na asiyetaka atembee kichwa wazi."

Zuwena hakukoma. Tukishalala, wawili kitanda kimoja, hulivuta kwa makusudi, midomo kaifunga, kummmma, halafu ananinong'oneza: "M mbili, Rayya. M mbili ndizo zinazotuokoa."

Huyo ndiye Zuwena, na nakuombeni mumkumbuke hivyo, kwa sababu mie siku nilipotakiwa kumkumbuka hivyo nilisahau.

Kiarabu tulikuwa hatukijui. Tulikisoma kwenye televisheni, kwenye katuni za Kijapani zilizotiwa sauti za Kiarabu, na si Kiarabu cha watu, Kiarabu cha vitabuni, cha khutba ya Ijumaa. Zuwena alitumwa mkate akamwambia mwenye duka maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama "Ewe muuza duka, nipatie mkate kabla jua halijazama," na yule bwana akamwita mkewe nyuma aje kusikiliza. Miaka na miaka tukidhani zile katuni ni za Waarabu. Zuwena akakua, akenda Marekani kusoma, akaolewa huko na Mmarekani aliyesilimu, akazaa mtoto mmoja, Salma, na kwa kuwa nyumba ilikuwa ya Kiingereza, mtoto akabaki na Kiswahili cha salamu na chakula.

Zuwena alipougua tukawa tunazungumza kila siku kwa simu. Siku moja akaniambia, sauti imeshakuwa ndogo, "Salma atakuja kwako. Mfanye ajione ana kwao." Nikamwambia inshallah. Akasema, "Usiniambie inshallah, Rayya, niapie." Nikamwapia. Wiki tatu baadaye akafariki, wakamzika huko huko Ohio, kwenye theluji, na sisi tukamwona kwenye simu.

Salma akaja mwezi wa tano. Miaka kumi na tisa, mrefu, mnene kidogo, mtulivu, mtandio mweusi na begi la mgongoni limejaa vibandiko vya watoto wa macho makubwa. Alikuja kwa wiki tatu atazame kama ataweza kuishi nasi hapa Ansab na kusoma chuo cha hapa, na mie chumba nilishakipaka rangi. Kutoka uwanja wa ndege nikaona nitafute la kuzungumza, nikamwuliza (kwa Kiingereza, nakutafsirieni) kama bado anapenda katuni, maana mama yake alinihadithia.

"Si katuni, Anti. Anime," alisema, lakini kwa upole.

Basi mtoto aliyekuwa hasemi akasema njia nzima. Kwamba alipokuwa skuli ya msingi wenziwe walikuwa wakimcheka kwa mambo mawili, mtandio na michoro ya Kijapani, akila peke yake. Kwamba Wamarekani zamani walikuwa wakiipokea anime kama mtu anavyopokea mgeni asiyemwamini: wanambadilisha jina, wanamvua nguo zake, chakula cha Kijapani wanakiita jina la chakula chao ili watoto wasishtuke. (Nikamwambia na hapa ilikuwa hivyo hivyo, wahusika walipewa majina ya Kiarabu na mabusu yalikatwa, na akacheka, mara yake ya kwanza.) Kwamba siku hizi imegeuka, kila mtu anavaa fulana zake, hata wale waliomcheka, na mashabiki wa kweli hawataki tafsiri, wanataka maneno ya Kijapani yenyewe, wanaitana kwa Kijapani. Kuna mikutano yao, watu maelfu kwenye ukumbi, kila mtu amevaa kama mhusika anayempenda.

"Kule hakuna anayeniuliza natoka wapi," alisema. "Mtandio wangu wanadhani ni sehemu ya vazi. Kule ndiko nilikopata marafiki. Nao hawaniiti Salma."

Nikamwuliza wanakuitaje.

Akaniambia. Neno lile. M moja, wazi kabisa, ndani ya gari langu, na mtoto wa marehemu anatabasamu. Akaongeza, "Kwa Kijapani maana yake dubu. Kwa sababu mimi ni mkubwa halafu asubuhi siamki."

Hapa ndipo nilipofanya uamuzi wangu, na mambo yote yaliyofuata yalizaliwa hapa. Nilitakiwa niegeshe gari nimwambie, taratibu, mwanangu, hili neno kwetu lina maana nyengine. Nikaona haya. Nikasema moyoni, ndiyo kwanza ameshuka kwenye ndege, mama yake hana hata miezi mitatu kaburini, na mie nianze kumfundisha matusi? Nikasema, "Zuri."

Nyumbani akafungua begi akanionesha koti. Jeusi, zito, la baridi ya kwao, na mgongoni limetariziwa neno lile kwa herufi kubwa nyeupe, kila moja urefu wa kiganja, na juu yake uso wa dubu. Nikaijua kazi ya mkono ule kabla hajaniambia. Ni ule ule mshono wa kofia aliotufundisha mama.

"Mama alinishonea, nilivae kwenye mkutano," Salma alisema. "Siku nilipomwambia naitwa hivi alikaa chini, kwenye sakafu ya jikoni, akacheka mpaka machozi. Sikujua kwa nini. Nadhani alifurahi kwamba nina marafiki. Toka siku ile yeye ndiye aliyeniita hivyo kuliko wote. Hata hospitali. Hawezi kula, hawezi kukaa, nikiingia tu ananiita, kwa lafudhi yake, namna hii." Akafunga midomo akalivuta, kumwigiza mama yake, na mie nikageuka upesi kutazama sufuria kama chai haijafurika, maana uso ulikuwa unaniwaka. Sikusikiliza. Nilisikia neno lile tu, na haya zangu.

Na koti nikajifariji nalo: Maskati, mwezi wa tano, nani atavaa koti?

Ijumaa ile tulimsomea Zuwena khitma, alasiri, kwenye ukumbi wa wanawake karibu na kwetu. Wanawake kama themanini, wote wetu, Waunguja na Wapemba wa Maskati, wazee mbele kwenye viti, wengine kwenye mazulia. Siku mbili nzima Salma alikuwa akikariri na mie sentensi za Kiswahili za kusema mwisho wa kisomo: "Mimi ni Salma, mtoto wa Zuwena. Ahsanteni kwa kumuombea mama yangu." Alikuwa akizisema akipiga mswaki, akizisema akishuka ngazi. Nilimwona anavyotaka wampende.

Sasa nyie mnaijua Maskati: nje unaungua, ndani unaganda. Mtu (simtaji, ni wifi yangu) aliwasha viyoyozi vyote vinne toka adhuhuri, na tulipofika juzuu ya kumi Salma ananitazama meno yanagongana. Mie niko mlangoni na mabirika ya kahawa, nikamwashiria ajifunike kitu. Akaniashiria gari. Nikamrushia funguo. Mie mwenyewe, kwa mkono wangu, nikamrushia funguo, nikidhani ana shali ndani ya gari.

Nilikuwa jikoni nikipanga halwa kwenye visahani niliposikia ukumbi umenyamaza. Khitma haina kimya, daima kuna mtu anasoma au anakohoa au anamfinya mtoto. Nikatoka na sinia. Salma amevaa koti lake, kumbe lilikuwa garini ndani ya begi, na kwa heshima aliyofundishwa na mama yake amechukua tasa na kitambaa, anawainamia wazee mmoja mmoja ili wanawe mikono, na kila akiinama mbele anawapa waliokaa nyuma yake mgongo mzima, na mgongo wenyewe umeandikwa kwa herufi ambazo hata aliyeacha skuli anazisoma.

Wasichana wameficha nyuso ndani ya misahafu. Bi Ghania, shangazi yake baba, mwenye miaka themanini na kitu na masikio yaliyokwisha zamani, alikuwa amekaa ubavuni, akamgusa jirani yake.

"Koti la mtoto limeandikwaje? Nsomee, sina miwani."

Jirani akainamia msahafu wake.

"Nsomeeni," alisema Bi Ghania, kwa sauti ya mtu asiyesikia ukali wa sauti yake mwenyewe. "Mnaogopa nini, ni aya?"

Nikaona niokoe. Nikasema, kwa sauti ya juu, mie na sinia langu, "Imeandikwa kumma, Bi Ghania. Kumma ya kichwani. Kofia. Kwa Kiarabu."

"Kofia?"

"Kofia."

"Mbona iko mgongoni?"

Uongo ukishaanza unataka kulishwa, na mie nikaulisha. Nikasema Zuwena alikuwa akiipenda sana kofia ya baba, kwa hivyo akamshonea mwanawe ukumbusho. Bi Ghania akatoa kitambaa akafuta macho. Akasema, "Maskini Zuwena, kofia ya babake," na mstari mzima wa wazee ukaanza kumrehemu baba, na kwa dakika moja, wallahi, nikadhani nimepona.

Lakini Salma alikuwa amesikia jina la mama yake na lile la koti lake, na akaona macho yote yako kwake, akadhani ndiyo zamu yake ya kusema. Akaweka tasa chini. Akajikunjua.

"Mimi ni Salma," alisema, kila neno mahali pake, "mtoto wa Zuwena. Ahsanteni kwa kumuombea mama yangu." Hapo ndipo tulipopanga aishie. Akavuta pumzi, akaokota maneno mengine, ya kwake mwenyewe, sijui aliyatafuta wapi. "Lakini mama yangu hakuniita Salma. Mama aliniita..." na akalitaja. Likafika mpaka kona ya mwisho. "Kila siku. Nyinyi ni watu wa mama yangu. Nyinyi pia niiteni hivyo."

Alianza mmoja, kule nyuma, sauti kama ya kupaliwa. Halafu wawili, halafu zulia zima, wanawake wazima wanaanguka mabegani mwa wenzao, machozi yanawatoka, na wengine wanasema astaghfirullah huku wanacheka. Na mie nikacheka. Siwezi kusema kilinitoka tu. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote, sinia likaniponyoka na visahani vya halwa vikatawanyika, na nikaendelea kucheka nimejishika kiuno, kwenye khitma ya mdogo wangu.

Salma mwanzoni alitabasamu. Hilo ndilo siwezi kulisahau, kwamba alitabasamu na sisi, akadhani ameturidhisha. Kisha akanitafuta mie, kwa macho, kama unavyomtafuta mtu wako kwenye umati, akanikuta nimejikunja nacheka. Tabasamu likaondoka. Akavua koti akalikunja, upande wa maandishi ndani, akakaa pale pale akitetemeka kwa baridi mpaka dua ikaisha.

Bi Ghania ndiye peke yake aliyekuwa hajafahamu kitu. "Watu wanasoma khitma mnacheka," alisema. "Mna nini nyie?"

Kwenye gari Salma akaniuliza kinachochekesha ni nini. Nikamwambia. Na nilimwambia vibaya, haraka haraka, macho barabarani, kama mtu anayetua mzigo, kwamba kwetu ni tusi, tena zito, na maana yake ni hii.

Kwenye mzunguko wa mbele akanigeukia.

"Mama alikuwa anaijua maana hiyo?"

"Mama yako Mzanzibari, Salma. Anaijua."

"Kwa hivyo alipokuwa anacheka," alisema, "alikuwa ananicheka mimi."

Nilikuwa na jibu zuri mahali fulani, nililitafuta, na gari la nyuma likanipigia honi. Nikasema, "Zuwena alipenda mzaha." Basi. Hilo ndilo nililompa. Miaka yote alikula peke yake wenziwe wakimcheka, kisha akapata jina, akapata mama anayelitaja jina hilo akafurahi hata kwenye kitanda cha hospitali, na mie nikamgeuzia mama yake akawa mmoja wa wanaomcheka, nikiwa natafuta pa kuegesha.

Hakugomba. Laiti angegomba. Alinisaidia kushusha masufuria. Jumamosi tulikuwa twende Qurayyat, nimpeleke baharini kule tulikokuwa tukichukuliwa na baba. Akasema kichwa kinamuuma. Jumapili baba yake akabadilisha tiketi. Wiki tatu zikawa siku tisa. Uwanjani akanipa mkono na shavu, akasema, "Ahsante kwa kila kitu, Anti," kwa Kiswahili, safi, na akapita.

Koti aliliacha kitandani, limekunjwa vile vile, maandishi ndani. Nikasema labda amesahau. Si mtu wa kusahau yule, hata taulo alilifua.

Nikalichukua nilitundike, na vidole vyangu vikapita juu ya herufi. Kati ya M na A pana nafasi, nafasi pana kuliko nyengine, mtu angesema fundi amekosea kupima. Vidole vikakwama. Nikalipeleka dirishani. Katika nafasi ile kuna M ya pili, nzima, urefu ule ule, mshono ule ule wa kofia, imetariziwa kwa uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi. Kwa macho huioni. Kwa mkono unaisoma.

Zuwena alikuwa mgonjwa alipoishona ile. Marafiki wa mwanawe wasome dubu, na yeye, na anayejua, asome kumma ya baba. Hakumpeleka mwanawe mbele za watu na tusi mgongoni, na hospitali alipokuwa akifunga midomo akalivuta, ilikuwa M mbili, na Salma aliniigizia mbele yangu, jikoni, na mie nikatazama chai. Uongo wangu wa ukumbini ulikuwa kweli tupu. Ukweli niliomwambia garini ndio uliokuwa uongo.

Nilipiga simu, haikupokelewa. Nikapiga picha ile M pembeni, kwenye mwanga, nikaandika yote, kofia, kitanda kimoja, M mbili ndizo zinazotuokoa, ujumbe mrefu wenye makosa. Aliusoma siku ile ile, niliona. Jibu likaja baada ya siku nne.

"Nilikuwa naigusa kila siku. Nilidhani alikosea kwa sababu ya dawa."

Hakuandika jengine. Nimemwuliza nimpelekee koti, hajajibu, na sasa ni mwezi wa nane.

Nimejiapia kwamba sitomfasiria tena mtu maneno ya marehemu wake kabla sijamwacha ayaseme mpaka mwisho na mie nikasikiliza. Ni kiapo cha kuchelewa, nnajua, na cha kwanza nilichoapa, kile cha kwenye simu, ndicho kilichokuwa na maana. Koti limetundikwa chumbani kwake. Nikiingia kufagia hulipitishia mkono mgongoni, kisha nafunga mlango, na kiyoyozi cha chumba kile siwashi.